Maji Niliyoona Haya Kuyaomba

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyovua kanga yangu begani nikaitandaza juu ya tangi la kioo la mjomba wangu, ili mtu yeyote atakayepita sebuleni asione kilichomo. Mvua za masika zilikuwa zinaimwagikia Kilindoni yote na mimi nilikuwa peke yangu nyumbani. Hapakuwa na mtu wa kunichungulia. Hata hivyo nilifunika, nikazipachika pembe za ile kanga vizuri, kisha nikaenda kukaa jikoni na kuwasha moto ambao sikuwa na cha kupika juu yake.

Nimesikia na wewe umeanza kufuga matumbawe nyumbani kwako. Umenunua pampu na taa, na kila anayekutembelea unamvuta mkono umwonyeshe. Nimefurahi kusikia. Mambo ya pampu na taa utawapata wengi wa kukufundisha, na wengine wanajua kuliko mimi. Mimi nataka nikueleze jambo lililonipata nikiwa na umri kama wako, ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona uso unaniwaka moto.

Mjomba wangu huyo alikuwa akiitwa Faki, kaka yake marehemu mama yangu. Maisha yake yote alikuwa fundi wa mashine za meli, na huko alikozunguka alijifunza kufuga matumbawe ndani ya nyumba. Alipostaafu akarudi Mafia na tangi lake, refu kama kitanda, akaliweka sebuleni mahali ambapo watu wengine huweka kabati la vyombo. Watu walimcheka. Walimwambia, Faki, bahari iko hapo nyuma ya msikiti, ya nini kuileta ndani? Yeye alicheka nao na akaendelea na kazi yake. Matumbawe yake yalikuwa vipande vilivyovunjwa na nanga za vyombo kwenye ghuba ya Chole. Watu wa hifadhi ya bahari walimruhusu kuviokota, kwa makubaliano kwamba atavikuza na vikishakuwa vikubwa vitarudishwa baharini, palepale vilipovunjika.

Tumbawe la mawe, mwanangu, ukilitazama kwa haraka utadhani limekufa siku nyingi. Kaa nalo kidogo. Utaona limejaa vinywa vidogo vidogo, kila kimoja kimenyoosha vidole vyake kutafuta chakula, na lote limevaa ngozi nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Rangi yake iko kwenye ngozi hiyo. Ngozi ikitoka, unabaki na mfupa mweupe. Mjomba aliniambia kwamba samaki ukimuudhi atakimbilia pembeni, lakini tumbawe halina pa kukimbilia, kwa hiyo ulibadilishie mambo polepole, na kama huna sababu usilibadilishie kitu. Taa ziwake saa zake. Maji yatembee. Maji yakipungua kwa joto, ongeza maji baridi yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haipandi hewani, inabaki palepale. Maji ya chokaa, ambayo tumbawe hujengea mfupa wake, aliyadondosha tone baada ya tone, kama anamtilia mgonjwa dawa ya jicho.

Na maji ya bahari yenyewe aliyabadilisha kidogo kila bamvua, zile siku za maji makubwa za mwezi mpya na mwezi mpevu. Hakuyachota Kilindoni. Upande wetu huu unaangalia milango ya Rufiji, na masika yakishika maji huwa mazito, yamechanganyika na tope na maji ya mvua, na pale bandarini kuna mafuta ya injini juu yake. Maji ya mjomba yalitoka upande wa pili, nje ya mlango wa ghuba ya Chole, ambako bahari kuu inaingia safi. Aliyekuwa akimletea ni kijana wa Utende aliyeitwa Bakari, mwenye boti ya injini.

Bakari alikuwa shemeji yangu. Au niseme, alikuwa shemeji yangu mpaka nilipoachika.

Niliolewa Utende na kaka yake, Omari. Ndoa haikudumu. Sitakusimulia yaliyotushinda, kwani hayakuwa makubwa, na Omari sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu na sina ugomvi naye. Ninalotaka ulijue ni siku niliyoondoka. Eda ilikuwa imekwisha, nimefunga mzigo wangu, pikipiki inanisubiri nje. Mama yake Omari, Bi Mwanahawa, akanifuata mpaka mlangoni na kikombe mkononi. Akaniambia nisitoke na njaa, ninywe chai kwanza. Mwanamke yule hakuwahi kunikosea hata mara moja. Kosa lake kwangu lilikuwa moja tu, kwamba alimzaa Omari. Na mimi, mbele ya majirani waliotoka kutazama, nikamjibu kwa sauti: "Sitaki chai yako wala kitu chako chochote, mpaka naingia kaburini."

Akarudi ndani na kikombe chake.

Nilipofika kwa mjomba Kilindoni, hasira zikaisha kwa siku chache, na haya ikaja kukaa mahali pake. Niliona haya kwa kuachika na niliona haya zaidi kwa maneno yale. Nikawa sitoki. Sokoni nilikwenda mapema, nimejitanda mpaka machoni, na nikimwona mtu wa Utende nageukia kwenye nyanya kama mtu anayechagua. Mjomba hakunisema. Aliniona nashinda sebuleni nikiangalia tangi, basi akaanza kunifundisha, leo hili na kesho lile. Nilijua kupima chumvi, nilijua kusafisha kioo bila kuyatikisa matumbawe, nilijua kwa kuangalia tu kama yameamka vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu niachike niliona kuna kitu nakifanya kikafanyika.

Ndipo ugonjwa wa macho wa mjomba ukazidi. Alikuwa na mtoto wa jicho, na hospitali ya Dar es Salaam ikamwita akapasuliwe. Kabla ya kupanda boti alinishika bega akaniambia kwamba kila kitu nakijua, na kwamba Bakari ameshamwambia, nikihitaji maji nimpigie simu tu. Nikaitikia. Hakuona kwamba nimeinamisha uso, kwa sababu alikuwa haoni vizuri.

Bamvua ya kwanza ikafika. Nikachukua simu, nikalitafuta jina la Bakari, nikalitazama. Nikawaza atapokea akiwa nyumbani. Nikawaza mama yake atamuuliza ni nani huyo, na yeye atasema ni Zainabu, anataka maji. Na Bi Mwanahawa atakumbuka maneno yangu, mbele ya wakwe zake wengine, na wao watatazamana. Nikaiweka simu chini. Nikajiambia bahari ni bahari, chumvi ni chumvi. Nikachukua ndoo nikashuka pwani ya Kilindoni mvua ikininyeshea, nikachota.

Maji yale yalikuwa na rangi ya chai. Niliyachuja kwa kitambaa mara nyingi mpaka yakapendeza macho. Nilipoyapima, chumvi ilikuwa ndogo kwa sababu ya mvua. Sasa sikiliza ujinga wangu, mwanangu. Nilikwenda jikoni nikachukua chumvi ya kupikia, nikaongeza mpaka kipimo kikasoma sawa. Kipimo kiliridhika. Nikatoa maji ya zamani, nikamimina yale.

Kufika jioni matumbawe yote yalikuwa yamejifunga. Hakuna kinywa kilichokuwa wazi. Kesho yake yakaanza kutoa ute, unaning'inia kwenye matawi kama kamasi za mtoto. Nikajiambia yatazoea. Siku zilizofuata rangi ikaanza kufifia, ile ya zambarau ikawa kama majivu, na tumbawe moja la matawi, ambalo mjomba alilipenda kuliko yote, ngozi yake ikaanza kubanduka toka chini, ikipanda juu kidogo kidogo.

Mjomba akapiga simu kutoka hospitali. Ameshapasuliwa jicho la kwanza, sauti yake ina furaha. Akaniuliza habari za nyumbani na habari za majirani, kisha akauliza kwa utani kama kawaida yake: "Na wanangu wa majini, hawajambo?"

Nikamjibu: "Hawajambo, mjomba. Wanakusalimu."

Nilipokata simu ndipo nilipovua kanga nikalifunika tangi.

Nilifunika kwa sababu sikuweza kuyatazama, na kwa sababu jirani yetu alikuwa na tabia ya kuingia kuomba moto. Sikujua, au nilijua na sikutaka kukumbuka, kwamba tumbawe la mawe linaishi kwa mwanga. Lililokuwa linaumwa kwa maji mabaya, nikaliongezea giza. Kila asubuhi nilikuwa nainua pembe ya kanga, natazama kidogo, narudisha.

Ilipofika siku ya tatu au ya nne, roho ilinisuta mpaka nikashindwa kukaa. Nikavaa baibui nikapanda pikipiki kwenda Utende. Njia nzima, kupita Kiegeani mpaka kule, nilikuwa nayapanga maneno. Nitaanza na kuomba radhi, halafu nitasema shida yangu. Nilipofika nikapiga hodi. Bi Mwanahawa alikuwa kibarazani anasuka ukili wa mkeka wa watu wa harusi. Nikamwamkia shikamoo. Akaniitikia marahaba kwa sauti ile ile ya siku zote, akanisogezea mkeka nikae, akamwambia mtu ndani alete uji.

Mwanangu, nilikunywa uji ule. Tukazungumza habari za mvua. Akaniuliza macho ya mjomba yanaendeleaje nikamwambia vizuri. Akaniambia Omari yuko dago, kambi ya wavuvi kule Ras Mkumbi, na Bakari ametoka na abiria kwenda Chole. Maneno yangu niliyoyapanga yalikuwa yote mdomoni. Kila nikitaka kuyatoa naiona ile siku, kikombe mkononi mwake, na majirani. Mwisho nikasema nilikuja kukujulia hali tu, mama, ngoja niwahi mvua. Nikaaga. Alinitazama sana.

Usiku huo tumbawe alilolipenda mjomba likamalizika. Asubuhi nikakuta ni mfupa mtupu.

Nilikuwa nimekaa jikoni niliposikia gari linasimama nje, kisha hodi ya sauti ninayoijua. Nilitaka kujifanya sipo. Lakini mlango wa mjomba haukuwa na komeo la mchana, na Bi Mwanahawa hakuwa mtu wa kubisha hodi zaidi ya mara tatu. Akaingia amelowa, na nyuma yake Bakari amebeba madumu mawili ya maji, na mengine yako nje kwenye gari waliloliomba kwa mtu.

Baadaye Bakari alinisimulia. Nilipoondoka Utende, mama yake aliacha kusuka. Alipomwona Bakari amerudi akamuuliza Zainabu ana shida gani. Bakari akasema hajui, ila ameshangaa, maana mjomba Faki alimwambia atapigiwa simu ya maji na bamvua imepita hajapigiwa. Bi Mwanahawa akamwamrisha akatie mafuta kwenye injini, kukipambazuka tu aende nje ya ghuba akachote.

Bi Mwanahawa alikwenda moja kwa moja sebuleni. Akaliona tangi limefunikwa, akaitambua kanga, kwa sababu alininunulia yeye. Akaivuta.

Sikuweza kunyanyua macho. Nilisikia tu pampu ikiguguma. Kisha akauliza: "Jana ulikuja kwangu na hiki moyoni?"

Nikasema ndiyo.

"Ukanywa uji wangu, ukanieleza habari za mvua, ukaondoka."

Akaikunja ile kanga mkononi.

"Yale maneno uliyoniambia mlangoni yaliniuma, Zainabu, sikufichi. Nililia. Nikalia yakaisha, nikaendelea na kazi zangu. Wewe umeyabeba mpaka leo, umekuja nayo mpaka huku, na sasa yameua viumbe vya watu." Alisema bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. "Unajidanganya kwamba ni haya. Mwenye haya angekuja akaniambia mama nilikukosea, nina shida, nisaidie. Wewe ulikuwa unalinda uso wako. Hicho ni kiburi, mwanangu, umekivisha kanga tu."

Nikapiga magoti pale pale sakafuni. Nikamwambia: "Niwie radhi, mama."

"Nilikuwia radhi siku ile ile. Inuka ushike ndoo."

Mpaka leo najua hakunisema vile kunidhalilisha. Lakini ningepewa kuchagua kati ya maneno yale na kofi, ningechagua kofi.

Tukafanya kazi mpaka mchana. Bakari alitaka kumwaga maji mapya yote kwa mkupuo, na mama yake naye akasema kama haya ndiyo mazuri basi tumimine. Nikawazuia. Niliwaambia kiumbe aliyekwishaumizwa na mabadiliko, hata mazuri yakija ghafla yatamuua, tutie kidogo kidogo, tupumzike, tutie tena. Bi Mwanahawa akaniangalia, kisha akasema haya, wewe ndiye unayejua, tuelekeze. Sikustahili heshima ile siku ile, lakini alinipa.

Yale matawi ambayo ncha zake bado zilikuwa na ngozi hai, nilizivunja kwa koleo ndogo ya mjomba, nikaziweka pembeni kwenye beseni la maji safi lenye bomba la hewa, ili ugonjwa unaopanda toka chini usizifikie. Mifupa nikaitoa nje. Bi Mwanahawa aliipokea mmoja mmoja akaipanga kwenye sinia. Akaniambia kwamba walipokuwa wasichana walikuwa wakiyachoma haya kwenye tanuri, mashua nzima kwa mara moja, kupata chokaa ya kujengea, na hakuna hata siku moja aliyowahi kuyaona yakiwa na midomo. Alisema hivyo akaugeuza mkononi ule mfupa wa tumbawe alilolipenda mjomba. Kisha akauliza niliyapata wapi maji ya kwanza. Nikamweleza yote, pamoja na chumvi.

"Chumvi ya jikoni?" akasema. "Ulikuwa unapika mchuzi?"

Bakari alitoka nje haraka, nadhani alikwenda kucheka. Mimi pia nilicheka, huku machozi yananitoka, na Bi Mwanahawa akanipangusa kwa ncha ya kanga ile ile.

Kabla hawajaondoka aliniambia jambo moja. Mjomba wako akirudi, umwambie kabla hajaingia ndani. Asiende akajionea mwenyewe.

Nikataka kumwomba amwambie yeye. Nadhani aliliona hilo usoni kwangu, kwa sababu aligeuka akapanda gari bila kuningoja niseme.

Mjomba alirudi na boti inayotoka Nyamisati, upande wa bara, jicho moja limefunikwa kwa kitambaa cheupe na lingine linang'aa kama la kijana. Njiani kote alikuwa anasoma mabango ya maduka kwa sauti, anafurahia kuona. Tulipofika uani nikamwambia mjomba, tukae hapa kwanza. Akakaa kwenye benchi. Nikamweleza. Nilianza na maneno niliyomwambia Bi Mwanahawa mlangoni, kwa sababu niliona bila hayo mengine hayataeleweka, nikamalizia na beseni la vipande vilivyobaki.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza vimebaki vingi kiasi gani. Nikamwambia vya kujaza sahani ya wali.

"Nilipokupigia simu," akasema, "uliniambia hawajambo."

"Ndiyo, mjomba."

"Ungeniambia siku ile, ningekwambia cha kufanya. Mengi yangepona." Akalishika jicho lake lililofunikwa. "Matumbawe nitaomba mengine, watu wa hifadhi watanipa. Lakini nikikuuliza hali ya nyumba yangu ukaniambia uongo, mimi nitamuuliza nani?"

Akaingia ndani kutazama. Hakunigombeza tena, si siku ile wala nyingine. Lakini kwa miezi mingi baada ya hapo, mjomba akiniuliza kitu nikamjibu, alikuwa anainuka kwenda kuhakikisha mwenyewe. Umezima taa? Nimezima, mjomba. Anainuka. Chumvi inasomaje? Sawa sawa, mjomba. Anaweka kikombe chini, anakwenda kupima. Hakufanya kwa ubaya. Nadhani hata yeye hakujua kwamba anafanya. Lakini mimi kila aliposogeza kiti nilijua anainukia nini, na nilitamani ardhi inimeze.

Sikuwa na la kufanya ila kumwambia ukweli kila siku, hata wa mambo madogo. Nilivunja glasi, namwambia. Nimechelewa kuwasha taa, namwambia. Tumbawe moja halijafungua leo, mjomba, njoo utazame. Na kila bamvua nilimpigia simu Bakari mwenyewe, na mama yake alikuwa anaichukua simu anisalimie, ananiuliza kama nimekula.

Siku moja, masika mengine yameshakuja yakapita, mjomba yuko kibarazani na kahawa yake. Akaniuliza kwa sauti chumvi inasomaje leo. Nikamtajia. Nikangoja kusikia kiti kikisogea. Hakikusogea. Nilichungulia dirishani nikamwona amekaa vilevile, anakunywa kahawa yake, anaangalia wapita njia. Nikaenda jikoni nikalia kama mtoto.

Vile vipande vya sahani vilikua. Tumbawe la mawe linakua taratibu kuliko unavyoweza kuvumilia, halafu siku moja unaona matawi yamegusana. Vilipokuwa na ukubwa wa kutosha, watu wa hifadhi walikuja kuvipokea, vikapandwa karibu na Chole kwenye maji tulivu, na mimi nilikuwemo kwenye boti ya Bakari. Vingine vilishika, vingine havikushika.

Sikurudiana na Omari. Niliolewa na mtu mwingine, nikazaa, na watoto wangu walikuwa wakimwita Bi Mwanahawa bibi. Alipofariki, binti zake walinitumia habari kabla hata mwili haujalazwa vizuri. Waliniambia aliagiza mwenyewe, akiwa bado na akili zake, kwamba Zainabu awemo miongoni mwa watakaomwosha. Nikaenda Utende. Tulimwosha mimi na binti zake, nikamshika mkono ule ulionifuata na kikombe, nikaumiminia maji taratibu, nikamwambia tena niwie radhi, ingawa nilijua alishaniwia siku nyingi.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Matumbawe yako yatakuonyesha mapema yakiwa na shida. Yatajifunga, yatatoa ute, yatafifia. Siku hiyo hiyo umwambie mtu. Usingoje yazoee, na usiyatilie kitu usichokijua kwa sababu tu kipimo kimesoma vizuri. Usiyafunike. Maji mazuri yakiwa kwa mtu uliyemkosea, nenda kwake, na usianze na habari za mvua. Anza na radhi. Utaona uzito wake ni wa pale mlangoni tu, ukishavuka umekwisha. Na anayekuuliza hali ya kitu alichokuachia, mwambie hali yake ilivyo, hata kama sauti yako itatetemeka. Kitu kikiharibika watu wazima watakusaidia kukitengeneza. Neno lako likiharibika utalitengeneza peke yako, kwa muda mrefu, ukisikiliza kiti cha mtu kikisogea.

Na wewe ukija kuwa ndiye uliyekosewa, na aliyekukosea akaja akakaa mkekani kwako akashindwa kusema, mfuate. Chukua maji umfuate.

Mwenyezi Mungu akupe moyo usioogopa kuinamisha kichwa mbele ya binadamu mwenzako. Akulindie unachokilea, akuzungushie watu watakaokwambia ukweli bila kukutupa, na siku utakapokosea, akukute ungali na muda wa kurekebisha. Nakuombea hayo kwa radhi zangu zote, mwanangu. Amina.